Kabla Hujapanda Basi Kufuata Spea: Mwongozo kwa Wenye Maduka wa Karagwe na Kyerwa

Cheni ya pikipiki unayoiuza Nkwenda imetengenezwa India au China, imeshushwa bandari ya Dar es Salaam, imepita kwa mwagizaji, kwa mwenye stoo wa Kariakoo, pengine na kwa muuza jumla wa Mwanza au Kahama, ndipo ikapakiwa kwenye gari la Bukoba, ikavuka mto Kagera pale Kyaka na kuifuata lami ya kilomita 59 hadi Bugene. Kuanzia Omurushaka kwenda Nkwenda, Isingiro na Murongo kuna nauli nyingine tena. Kila mkono umechukua chake. Wewe ni wa mwisho, na bei ya huko juu hupangi wewe.

Ndiyo maana wenye maduka wengi hukazana kutafuta mahali penye bei ya chini kuliko pote, na wengi wao huishia na rafu zilizojaa mali huku droo haina hela ya kununua plagi. Bei ya jumla ni sehemu moja tu ya hesabu. Kilichobaki kiko mikononi mwako: spea ipi inatoka haraka, ilikufikia kwa shilingi ngapi hasa, ni halali au feki, na ukisimamishwa njiani una karatasi gani. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo. Umeandikwa kwa ajili ya duka dogo au la kati la spea mpya, za pikipiki zaidi, na za magari kama Probox, IST, Noah na Hiace. Mwenye kuuza spea za Fuso na Canter atapata lake pia.

1. Soma msimu kabla ya kusoma orodha ya bei

Hela ya Karagwe na Kyerwa inafuata kahawa na maharage, na uharibifu wa vyombo unafuata mvua. Vitu hivi viwili haviji pamoja, na hapo ndipo watu hukosea. Tope linaharibu pikipiki wakati mwenye pikipiki hana hela. Hela inaingia wakati barabara zimekauka na zina vumbi. Tangu kahawa ianze kuuzwa kwa minada kupitia vyama vya msingi, malipo nayo huja kwa mkupuo: kijiji kizima kinapata wiki moja, cha jirani kinasubiri. Muulize katibu wa chama cha msingi mnada wa eneo lenu umefikia wapi. Habari hiyo ina thamani kwako kuliko bei mpya za Kariakoo.

KISANDUKU: KALENDA YA RAFU

- Machi hadi Mei (masika): breki shuu, beringi za magurudumu, cheni na sproketi, tairi za meno, oili sili za shokapu. Mteja ananunua kimoja kimoja, na anataka cha bei nafuu.
- Juni hadi Agosti (vumbi na kahawa): filta za hewa, plagi, pistoni na ringi, klachi pleti, shokapu kamili. Hapa watu hufungua injini walizokuwa wakiziahirisha. Saiti mira, taa za urembo na mifuniko ya viti nayo hutoka.
- Septemba hadi Novemba (vuli): tyubu, keboli, balbu, breki shuu tena. Usijaze mali ya bei kubwa.
- Desemba na Januari: michomoko (magari madogo ya abiria) na Hiace hupiga safari nyingi za sikukuu, kwa hiyo pedi za breki, boli jointi, tairodi na feni belti hutoka. Baada ya Mwaka Mpya zinafuata ada za shule, na mauzo ya jumla kwa mafundi hugeuka kuwa mikopo.

Mzigo wa Juni ununuliwe mapema Mei, kabla wenzako wote wa mkoa hawajaanza kuufuata na barabara hazijajaa.

2. Pima mwendo wa kila spea

Chukua spea mbili. Breki shuu imekufikia kwa 11,000 na unaiuza 13,000. Kipande kilekile cha mtaji kinatoka na kurudi kila baada ya wiki mbili. Kabureta imekufikia kwa 40,000, unaiuza 60,000, lakini inakaa miezi kumi. Kwa macho, kabureta ina faida mara kumi. Kwa mwaka, ile 11,000 ya breki shuu imezunguka mara 26 na kukupa 52,000. Ile 40,000 ya kabureta imekupa takriban 24,000, na imekunyima nafasi ya kununua breki shuu tatu zaidi. (Hizi ni tarakimu za kujifunzia. Weka za kwako.)

Hatua zenyewe:

1. Nunua daftari la kurasa nyingi. Kila spea ipe mstari: jina, namba, chombo inachoingia, tarehe iliyoingia, idadi.
2. Kila jioni andika zilizotoka. Usiache hata siku moja. Daftari lenye mapengo linadanganya kuliko kumbukumbu.
3. Andika pia ulichoulizwa ukakosa. Mafundi wanne wakiulizia keboli ya klachi ya TVS ndani ya wiki moja, hilo ni agizo tayari.
4. Baada ya miezi mitatu gawa mali makundi matatu: inayotoka kila wiki, inayotoka kila mwezi, na iliyolala.
5. Kwa kundi la kwanza, weka kiwango cha kuagiza. Zidisha mauzo ya wiki kwa wiki ambazo mzigo huchukua kufika, ukiongeza wiki mbili za akiba. Plagi zikitoka 12 kwa wiki na mzigo unachukua wiki moja, agiza zikibaki 36.
6. Mali iliyolala zaidi ya miezi sita iuze kwa bei uliyoinunulia, hata chini yake kidogo. Inauma, lakini hela yake ina kazi nyingine.

Zile wiki mbili za akiba usizipunguze. Mei 2023, na tena Juni 2024, maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa mgomo wa wafanyabiashara, na ule wa pili ulisambaa hadi mikoani. Aliyekuwa na akiba aliendelea kuuza.

3. Hesabu bei ya kufika rafuni

Bei ya jumla ni ile unayoambiwa stoo. Bei ya kufika ni ile ambayo spea imekugharimu ikiwa imekaa rafuni kwako Kayanga. Kosa la kawaida ni kuweka faida juu ya ile ya kwanza.

Tuseme umekwenda mwenyewe mjini na kununua mali ya 3,000,000:

- Nauli kwenda na kurudi, kulala na kula: 180,000
- Kusafirisha mzigo: 90,000
- Winga (dalali anayekupeleka stoo) na wapakiaji: 30,000
- Makato ya miamala: 20,000
- Zilizovunjika, zilizokosewa, zilizopungua: 60,000

Jumla ni 380,000, karibu asilimia 13 ya mali. Kwa hiyo spea ya 10,000 imekufikia kwa takriban 11,300. Ukiuza 11,000 ukidhani umepata buku, umepata hasara ya mia tatu.

Mzigo uleule ukiagizwa kwa simu kutoka kwa mtu unayemwamini, nauli yako na winga vinatoka kwenye hesabu. Gharama inashuka hadi 170,000, yaani chini ya asilimia 6. Hapo muuza jumla wa Mwanza mwenye bei ya juu kidogo anaweza kumshinda wa Dar es Salaam.

Tahadhari moja: usigawe gharama ya usafiri sawasawa kwa kila bidhaa. Katoni ya plagi inakaa mapajani, tairi kumi zinajaza buti la basi. Gharama ya usafiri igawe kwa uzito na ukubwa, vinginevyo plagi zako zitakuwa ghali bure na tairi utaziuza kwa hasara bila kujua. Mizigo mizito, kama tairi, betri na katoni za oili, ulizia bei ya meli ya New Victoria Hapa Kazi Tu kati ya Mwanza na Bukoba inapokuwa safarini, kabla hujalipia lori.

4. Ununue wapi

Bukoba ni kwa dharura. Bei iko juu, lakini mzigo unafika siku hiyohiyo, na ukikosea namba unarudisha kesho yake.

Mwanza na Kahama ndiko mahali ambapo duka la kati la Karagwe linatakiwa liwe na mtu wake. Mali nyingi za pikipiki zipo, na muuza jumla wa huko anaijua Kanda ya Ziwa: anajua Boxer na TVS ndizo zinazotembea huku, hatakusukumia spea za pikipiki ambazo hazipo Kyerwa.

Kariakoo, pamoja na upande wa Gerezani, kuna kila kitu na bei ya chini, lakini inamfaa mwenye mtaji mkubwa au kikundi. Ukishuka tu utapokewa na winga. "Boss, unatafuta spea gani? Za Boxer? Njoo nikupeleke stoo." Winga si mwizi, anakuokolea saa nzima za kuzunguka. Lakini ujira wake umo ndani ya bei utakayotajiwa, hata akisema hakudai kitu. Safari ya kwanza mtumie. Chukua kadi ya duka na namba ya mwenye stoo, na safari ya pili nenda moja kwa moja. Wenye maduka watatu au wanne wa Omurushaka na Nkwenda wakiunganisha agizo moja, mmoja akasafiri kwa niaba ya wote, ile nauli inagawanyika na kiasi kinatosha kuombea bei ya katoni. Andikianeni nani katoa shilingi ngapi, hata kama ni ndugu.

Kisha kuna Uganda. Kutoka Murongo unavuka Kagera uko Kikagati, na Mbarara ni karibu kuliko Mwanza. Kampala kuna soko la Kisekka, maarufu kwa spea eneo zima hili. Kwa mwenye duka wa Murongo au Kaisho kishawishi ni kikubwa, na hakina ubaya wowote ukifuata sehemu ya 7 hapa chini. Ukiagiza kwa simu taja nchi, maana Isingiro iko kwetu na iko kwao, na mzigo umewahi kulala upande usio wake.

Swali la kumuuliza kila muuza jumla kabla hujatoa hela: "Namba ikikataa, unabadilisha?" Risiti nyingi zimepigwa muhuri kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Wengi hata hivyo hubadilisha ikiwa boksi halijachafuliwa na mafuta na umerudi ndani ya wiki mbili. Vifaa vya umeme, kama CDI na koili, karibu hakuna anayevirudisha. Hivyo nunua kidogo kidogo.

5. Fuatilia dola, hata kama hujawahi kuishika

Mwagizaji analipa kwa dola, kwa hiyo bei ya plagi Kayanga inacheza na dola kwa kuchelewa miezi miwili mitatu. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Mwaka 2024 ilifika karibu 2,700, na ilikuwa adimu. Spea ya dola 10 iliyokuwa 23,000 ikawa 27,000 kabla hata ya ushuru. Kisha mwishoni mwa 2024 shilingi ikapata nguvu, dola ikarudi karibu 2,400. Waliokuwa wamejaza stoo kwa bei ya juu walikaa na mali ghali huku jirani akiuza ya bei mpya.

Hivyo:

- Dola ikipanda, panga bei kwa kuangalia mzigo ujao utanunua kwa kiasi gani. Ukiuza kwa bei ya mzigo wa zamani, utamaliza mali na hela iliyobaki haitatosha kurudisha idadi ileile.
- Dola ikishuka, usinunue mzigo mkubwa. Nunua wa wiki tatu, subiri bei mpya ifike mikoani.
- Kiwango cha siku kiko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Kiangalie kila Jumatatu, ukiandike pembeni ya daftari.
- Muuza jumla wa ndani akikutajia bei kwa dola, mkumbushe kwamba tangu kanuni za Machi 2025 bidhaa na huduma za ndani ya nchi hutajwa na kulipwa kwa shilingi.

Nauli ya meli nayo inahusika. Makontena ya India na China hayapiti Bahari ya Shamu kuja Dar es Salaam, lakini mashambulizi yaliyoanza kule mwishoni mwa 2023 yalizilazimisha meli za Ulaya kuzunguka Afrika Kusini. Meli na makontena yakaadimika dunia nzima, na bei ikapanda hata kwa njia yetu. Ukisikia habari ya namna hiyo redioni, mpigie muuza jumla wako wiki hiyohiyo.

6. Nunua kwa namba

Hasara nyingi za duka la spea hutokana na kitu kilichofanana na kingine. "Nipe beringi ya Boxer ya mbele" ni agizo bovu. Jifunze kusoma namba chache; hazimalizi hata jioni moja.

Beringi. Soma tarakimu mbili za mwisho. 00 ni tundu la milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Kuanzia 04 zidisha kwa tano: 6204 ina tundu la milimita 20. Tarakimu za mwanzo zinaonyesha aina na ukubwa wa nje. 6202 na 6302 zote zina tundu la 15, lakini ya kwanza ina kipenyo cha nje cha milimita 35 na ya pili 42. Fundi akikuletea ya zamani iliyofutika namba, ipime kwa kalipa na utaijua. Herufi 2RS maana yake ina mpira pande zote mbili, na kwa tope la Kyerwa usinunue isiyo na mpira kwa ajili ya magurudumu.

Cheni. 428 na 428H zina nafasi sawa kati ya pini, kwa hiyo zote zinaingia kwenye sproketi ileile. H ina pleti nene na inabeba zaidi. Mwenye pikipiki anayebeba magunia mlimani muuzie H. Namba inayofuata, kama 118L, ni idadi ya vipingili. Ikipungua cheni haifiki, ikizidi fundi anakata. Sproketi hesabu meno, usiangalie ukubwa kwa macho.

Tairi. 3.00-17 na 3.00-18 zina upana mmoja na ringi tofauti. Boxer hutumia ringi ya 17. Pikipiki nyingi za Kichina za umbo la CG hutumia 18. Kisha tafuta tarakimu nne ndani ya duara la yai ubavuni: 2324 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi iliyopita miaka mitatu ikiwa stoo omba punguzo kubwa au iache.

Plagi za NGK. Kadiri tarakimu iliyo katikati ya herufi inavyokuwa kubwa ndivyo plagi ilivyo ya baridi zaidi. D8EA si sawa na D7EA hata kama nyuzi zinaingia.

Toyota. Namba ya spea ina tarakimu tano, kistari, halafu tarakimu au herufi nyingine tano. Tano za mwanzo zinataja aina ya spea, tano za mwisho zinataja gari:

- 90915: filta ya oili
- 17801: filta ya hewa
- 04465: pedi za breki za mbele
- 04495: breki shuu za nyuma
- 45046: tairodi endi
- 43330: boli jointi ya chini
- 48510: shokapu ya mbele kulia, 48520: ya mbele kushoto

Kwa hiyo ukiletewa boksi la "pedi za mbele" lenye namba inayoanza na 04495, lirudishe bila mjadala. Ukiagiza bila namba, mpe muuzaji namba ya chasisi: Probox NCP50 na NCP51 hazina injini moja, na IST NCP60 na NCP61 vilevile. Kwa Canter na Fuso taja injini, kama 4D33 au 6D16, pamoja na chasisi. Sema "Fuso" peke yake na utapata unachostahili.

7. Feki, nafuu na mpaka

Tenganisha mambo mawili ambayo mafundi huyachanganya. Spea ya bei nafuu yenye jina lake yenyewe, hata kama jina hilo hujawahi kulisikia, si feki. Inadumu kidogo, inauzwa kidogo, na mteja anajua anachonunua. Feki ni ile iliyovaa jina la mwingine. Katikati kuna mali nzuri ambayo wengi huiruka: kampuni zinazovitengenezea viwanda vya magari na kuuza pia kwa boksi lao wenyewe, kama KYB kwa shokapu, Denso na NGK kwa plagi, Aisin kwa klachi. Bei yake mara nyingi iko chini ya boksi la Toyota. Na kwa sababu zina jina, ndizo zinazoigwa zaidi.

ORODHA YA KUKAGUA UKIWA STOO

☐ Fungua boksi moja katikati ya katoni, usikubali lile la juu ulilofunguliwa.
☐ Soma maandishi. Feki nyingi zina herufi iliyokosewa au wino unaofutika kwa kidole chenye mate.
☐ Plagi: jaribu kuitoa washa kwenye nyuzi kwa vidole. Ikitoka kirahisi, ina kasoro.
☐ Filta ya oili: chungulia tundu. Kwa filta za gari dogo zilizo nyingi, mpira unaozuia oili kurudi lazima uonekane.
☐ Beringi: izungushe sikioni. Ikikwaruza au kugonga, iache.
☐ Breki shuu: angalia kama kitambaa kimeshikana na chuma pande zote, bila ufa.
☐ Linganisha uzito na ile unayoiamini. Chuma hakidanganyi sana.
☐ Bei ikiwa nusu ya kawaida, uliza kwa nini. Kisha usinunue.

Kuuza feki ni kosa kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, hukamata mali dukani kwako, si kwa aliyekuuzia. Risiti ya EFD ndiyo inayokupa cha kuonyesha. Idai kila unaponunua, hakiki QR yake kwa simu kabla hujatoka dukani, na angalia kama kiasi kilichoandikwa ndicho ulicholipa. Mnunuzi asiyedai risiti naye hutozwa faini.

Kuhusu mpaka, imani iliyoenea Murongo na Mutukula ni hii: sisi ni Afrika Mashariki, kwa hiyo bidhaa ya Kampala haina ushuru. Si kweli kwa spea. Msamaha wa Jumuiya ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Utaratibu rahisi wa mfanyabiashara mdogo, ule wa mzigo usiozidi dola 2,000, nao ni kwa bidhaa za asili ya nchi wanachama zilizo kwenye orodha. Cheni ya India haiwi ya Uganda kwa kununuliwa Kisekka. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya una viwango vinne tangu Julai 2022: 0, 10, 25 na 35 kwa mia, kutegemea bidhaa, na juu yake kuna VAT ya asilimia 18.

1. Kabla ya safari, peleka orodha ya spea ofisi ya forodha uulize kila moja inalipiwa nini.
2. Weka jumla hiyo kwenye bei ya kufika. Mara nyingi tofauti ya bei ya Kampala inaishia hapo, na utaamua kubaki nyumbani.
3. Ukinunua, chukua ankara yenye jina lako, idadi na bei halisi.
4. Tangaza mzigo mpakani, lipa, hifadhi karatasi dukani, siyo nyumbani.
5. Usimpe bodaboda mzigo apite njia ya panya. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu kutaifisha mali pamoja na chombo kilichoibeba. Pikipiki inayoondoka na kahawa ya magendo na kurudi na spea inafahamika na kila doria.

8. Mali kauli na madeni

Ukizoeana na muuza jumla atakupa mali kauli: chukua, uza, ulipe. Ni mtaji usio na riba ya benki, na kwa duka changa ni nafasi nzuri. Lakini angalia anachokupa. Mwenye stoo mjanja hutoa kwa mali kauli kile ambacho kimemlalia. Chukua kwa mali kauli spea za kundi la kwanza la daftari lako tu, andikianeni tarehe ya kulipa, na uulize mapema kama zisizouzwa zinarudi.

Upande wa pili kuna mafundi na madereva wanaokukopa wewe. Fundi anayekuletea wateja atataka cha juu. Mpe, ila kiwe kiwango kimoja kinachojulikana, usiache ajipangie. Mteja atakayesema "nitalipa kahawa ikitoka" anakuomba ufanye kile ambacho wanunuzi wa butura, wanaolipia kahawa ikiwa bado mtini, hufanya; tofauti ni kwamba wewe huna hata miti ya kushikilia. Weka ukomo: madeni yote ya nje yasizidi mauzo ya wiki moja. Anayedaiwa asipewe spea nyingine kabla ya kupunguza. Deni la jamaa liandikwe kama la mwingine yeyote, tena mbele yake.

9. Siku mzigo unapofika

Usisaini kwa wakala wa basi kwa haraka eti gari linaondoka. Hesabu maboksi ukilinganisha na ankara, angalia kamba na gundi kama imefunguliwa njiani, na boksi lililolowa au kubonyea lifungue palepale mbele ya wakala. Likiwa na pungufu, aandike kwenye stakabadhi yake na asaini. Piga picha boksi, lebo na spea yenyewe kabla hujaigusa tena, zitume kwa muuza jumla siku hiyohiyo pamoja na namba ya risiti, ndipo umpigie simu. Ukipiga simu kwanza na picha zikafuata keshokutwa, atakuambia zimevunjikia kwako.